Kondoo wa Mstari wa Nne

Cananea, Sonora
12 Januari 1992

Dada yangu Ofelia,

Habari za huko kwenye joto? Hapa sote tuko hai, ila baridi imetukaba koo. Theluji imeangukia mabanda tangu Jumanne na mabomba yameganda, tunayeyusha barafu kwenye sufuria ya kuchemshia maharage. Nyonga ya Baba inamsumbua, anatembea kama mlango uliolegea bawaba, lakini ukimwambia akae anakutukana. Mama anakusalimu na anasema umekonda kwenye picha ya Krismasi, na usimjibu kwamba hujakonda. Paka amezalia ndani ya buti la Baba, sasa Baba anavaa viatu vya kanisani kwenda kulisha ng'ombe. Shangazi Chayo hajambo. Binti yake Irasema ni mjamzito, anatarajia Juni.

Sasa neno lenyewe.

Mwaka jana hakuna mtu wa nyumba yetu aliyesimama kwenye mstari wa nne. Unaijua sheria ya klabu ya shabaha, mstari ni wa nyumba mradi mtu wa nyumba anasimama pale kwenye sikukuu ya Mei, na ikipita miaka miwili mitupu wanapewa wengine. Akina Yescas wameshaanza kuupima mstari wetu kwa macho. Baba halalamiki, ila kila Jumapili anakwenda kule uwanjani kukaa kwenye benchi peke yake, anawatazama wanyama wa chuma, halafu anarudi nyumbani hataki kula.

Kwa hiyo nimeamua nisimame mimi. Cheka ukimaliza uendelee kusoma. Miaka sita nimesimama nyuma yako na darubini nikikuambia juu kidogo, kushoto kidogo, hapo hapo. Mgongo wako naujua kuliko uso wako. Nataka na mimi nijaribu kukaa mbele.

Shida ni bunduki. Don Librado ana mbili za upepo dukani kwake. Moja ni ndefu, nzito, springi yake inataka mwanamume mzima na nusu ya mwingine kuikunja. Ya pili ni ile ya kufukuzia njiwa, mtutu unacheza kama jino la mtoto. Baba amesema ninunue ninayoitaka akishauza ndama Machi, mradi nikuulize wewe kwanza. "Muulize dada yako, yeye ndiye anayejua." Maneno yake hayo. Irasema naye amesema anaweza kuniazima yake, ile inayoshindiliwa hewa kwa pampu, maana mwaka huu tumbo halimruhusu kusimama mstarini.

Yako iko kabatini kwa Baba, kwenye lile blanketi la bluu. Hakuna aliyeigusa. Nakuambia tu ujue iko salama.

Nijibu mapema, dada. Nisalimie shemeji Gaspar.

Mdogo wako,
Nidia

*

Mérida, Yucatán
19 Februari 1992

Mdogo wangu Nidia,

Barua yako ilifika, lini sisemi. Posta ya huku inakwenda kwa kutambaa, na mimi nilikuwa na mengi.

Sisi wazima. Gaspar anafundisha hesabu asubuhi na jioni anasahihisha hesabu, nikimuuliza chakula kimekuwaje anajibu kama anatoa maksi. Mama mkwe hajambo kupita kiasi. Kila asubuhi ananitazama tumboni kabla hajanitazama usoni, halafu anasema, "Bado?" Kwa hiyo habari ya Irasema imenifurahisha sana, mpelekee pongezi zangu. Joto la hapa ni la mtu kuchemshwa na nguo zake. Mwambie Mama sijakonda, nimeyeyuka.

Hapa hakuna anayejua wanyama wa chuma ni kitu gani. Siku moja niliwaeleza majirani kwamba kwetu nilikuwa naangusha kuku, nguruwe, bata mzinga na kondoo, wote wadogo wa chuma, kwa bunduki ya upepo, nimesimama wima bila kuegemea kitu. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na nani alikuwa anawala?" Bata mzinga huku wanampika mchuzi mweusi tii. Kila nikiletewa sahani najikuta natafuta pale ambapo ningemlenga.

Haya. Umeamua kupiga. Sikucheka. Nilishangaa tu kidogo, maana hukuwahi kusema unapenda. Miaka yote ile ulikuwa unaniambia darubini inakutosha, na mimi nikakuamini.

Umeniuliza, nakujibu. Chukua ile nzito ya Don Librado. Kondoo yuko mbali, na kondoo haanguki kwa kupapaswa. Akigeuka tu bila kuanguka hahesabiwi, unalijua hilo. Unataka nguvu. Uzito utauzoea, kunja springi mara nyingi kila siku mpaka mkono ukomae. Ya Irasema usiishike hata kwa kitambaa. Bunduki isiyompiga mtu teke begani inamdekeza, na siku pampu ikigoma utabaki umesimama mstarini na fimbo ya kuswagia mbuzi.

Na yangu wala usiifikirie. Springi yake ilikufa kabla sijaolewa, na triga inachelewa. Niliiacha pale kwa ukumbusho tu.

Msalimie Baba. Mwambie nyonga inataka kukandwa kwa mafuta ya moto, si kwa matusi.

Dada yako,
Ofelia

*

Cananea
11 Machi 1992

Dada Ofelia,

Salamu kutoka kwenye upepo. Umeanza ule wa Machi, nguo tukianika tunazifuata kwa jirani. Baba amekandwa mafuta ya moto na ametukana vilevile. Ndama ameuzwa. Paka wadogo wamepata wenyewe, buti limerudi miguuni. Mama anasema aliyeyeyuka ndiye aliyekonda.

Nilikwenda kwa Don Librado nikaijaribu ile nzito nyuma ya duka lake. Nikiishika kwa upole inaniponyoka, nikiibana inarusha risasi mlimani. Kitako cha begani ni kirefu mno kwangu, nikiegemeza shavu naona giza kwenye darubini yake. Baada ya mara chache mkono wa kushoto ukaanza kutetemeka, Don Librado akaniambia, "Binti, hiyo ni ya mtu anayeegemea gari." Baba alikuwa amekaa kwenye ndoo pale, alicheka mpaka nyonga ikamkumbusha. Halafu akaacha kucheka, akaniuliza, "Ofelia ndiye aliyekuambia uchukue hii?" Nikasema ndiyo. Akaichukua bunduki mikononi mwangu, akamrudishia Don Librado.

Dada, mimi nimewatazama kondoo kwa darubini miaka sita. Waliobaki wamesimama, wote niliona walikopigwa: miguuni, au tumboni chini kabisa. Aliyepigwa begani sijamwona akibaki, hata kwa bunduki ndogo. Kwa hiyo nguvu ya nini? Labda kuna jambo mimi silijui. Kama lipo niambie.

Jumapili Irasema alinipa yake nijaribu. Haina teke kabisa, ukifyatua unaona risasi ikienda mpaka mwisho. Ila ni nyepesi mbele na upepo unaichezea. Irasema ndiye aliyesimama nyuma yangu na darubini. Tumbo lake kubwa, alikuwa ananigusa nalo mgongoni kila akipumua. Ana sauti nzuri ya kazi ile. Hasemi mengi. Anasema "tulia" halafu ananyamaza. Amesema atasimama nyuma yangu na Mei nikitaka.

Umeandika springi yako imekufa. Mimi sikuwa nimeuliza.

Wasalimie wote wa huko,
Nidia

*

Mérida
22 Machi 1992
(kwa posta ya haraka)

Nidia,

Salamu nitazitia mwisho, kama zitabaki.

Irasema! Katika watu wote wa Cananea, wachimba shaba wote na wake zao, ukaona wa kumpa mgongo wako ni Irasema! Eti ana sauti nzuri. Eti "tulia." Mimi niliposimama pale na wewe nyuma yangu ulikuwa unasema maneno mengi na yote niliyapenda, kumbe mwenzangu ulikuwa unatamani ukimya. Ungeniambia basi.

Fungua macho. Irasema ameolewa na nani? Yescas. Mstari wa nne unatakiwa na nani? Yescas. Sasa mke wa Yescas anakuazima bunduki, anakushika mkono, anakupumulia mgongoni na mtoto wao tumboni, na wewe unaniandikia kwamba ana sauti nzuri. Mtoto mdogo angeona. Siku ya siku pampu itasahauliwa nyumbani, utasikia samahani mpenzi.

Hukumbuki Mei ya mwaka wa tisini? Tulikuwa tumebakiza kondoo tu. Yeye mstari wa tano, mimi wa nne, bega kwa bega, anavaa ile blauzi yake nyekundu makusudi. Kondoo mmoja tu ndiye aliyenishinda, na yule kondoo nilimpiga nikamwangusha, kila mtu alimwona akianguka. Mwamuzi akasema hahesabiwi. Jua lilikuwa machoni, na wewe ulichelewa kusema. Sikukulaumu sana siku ile kwa sababu wewe ni mdogo wangu. Lakini nilikwenda harusini kwangu nikiwa mwenye kushindwa na Irasema, akanishika mikono akasema, "Pole, mpenzi." Pole! Keki yangu ilikuwa chungu mdomoni.

Sasa niko hapa, nafua mashati ya mwalimu, naulizwa "bado?" kila asubuhi, na huko kwetu yeye ana tumbo, ana bunduki ya ng'ambo, na sasa ana na mdogo wangu. Ndiyo, naona wivu. Umetaka niseme, nimesema. Unaniwasha kama pilipili machoni.

Chukua ile nzito. Kama huiwezi basi usisimame. Mstari ukienda, uende.

Salamu hazikubaki.

O.

*

Cananea
14 Aprili 1992

Dada,

Mama anakusalimu. Baba anakusalimu. Jumamosi tulichoma nyama, tukaacha kiti kimoja kama kawaida ya Mama, na mbwa akakikalia.

Barua yako niliisoma nikaiweka kwenye mkebe wa unga. Nikakaa siku nyingi bila kuijibu kwa sababu kila nikianza nilikuwa naandika kwa hasira. Hasira imepungua. Haijaisha.

Mimi sikuchelewa kusema. Nilikuambia, "Wa pili, wa kwako, mlenge bega." Nililisema hilo wewe ukiwa bado unashusha pumzi. Halafu nikaona mtutu unakwenda kulia. Darubini yangu ilikuwa imetulia juu ya kondoo wetu, na kondoo wetu hakutikisika hata unyoya, nikasikia chuma kikilia upande mwingine. Nilipogeuza darubini, kondoo wa mstari wa tano alikuwa chini. Ulimwangushia Irasema kondoo wake, dada. Ulikuwa hutazami mbele, ulikuwa unatazama ile blauzi nyekundu.

Watu walisema jua, nikanyamaza. Watu walisema Nidia alichelewa, nikanyamaza. Ulikuwa unaolewa baada ya wiki chache, ningesema nini? Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeniomba nimsimamie nyuma. Mtu wa darubini anayechelewa nani anamtaka? Irasema ndiye wa kwanza kunipa tena nafasi uwanjani, na yeye ndiye mtu pekee, mbali na mimi, anayejua kilichotokea. Alimwona kondoo wake akianguka kabla hajampiga. Hajawahi kumwambia mtu. Hata mimi hajaniambia, ila nilipomuuliza kwa nini ananisaidia dhidi ya akina mume wake alisema, "Kwa sababu nakujua hukuchelewa." Basi.

Na springi yako haijafa. Baba huwa anaitia mafuta kila Krismasi, anaikunja mara moja, anasikiliza, anaifunga tena. Ukija kutembea unaingia chumbani kwake "kutafuta shuka" na tunaisikia sote ikilia klak. Sikuigusa na sitaigusa. Ni yako. Sitachukua kitu ambacho hujanipa, wala sitakuomba kitu ambacho ungetaka kunipa ungenipa.

Sikukuu ni tarehe kumi na saba. Nina wiki hizi chache tu.

Nidia

*

Cananea
1 Mei 1992

Dada,

Salamu. Wote wazima. Hujajibu.

Ya Don Librado nimeiacha, mtu wa kiwanda cha mbao ameinunua kwa ajili ya mbweha. Basi nakwenda na ya Irasema. Haijanikaa sawa, ila ndiyo iliyopo. Jana nimeangusha kuku wengi, nguruwe wachache, kondoo sikuangusha hata mmoja. Baba amekaa benchi akitazama kofia yake badala ya kunitazama.

Nakuandikia usije ukasikia kwa wengine.

N.

*

Mérida
4 Mei 1992
(kwa posta ya haraka sana, karani amenicheka)

Mdogo wangu Nidia,

Sisi wazima, joto lile lile, mama mkwe yule yule. Mwambie Mama amfukuze mbwa kwenye kiti changu.

Ya mwaka wa tisini sitaki kuyasikia. Jua lilikuwa machoni.

Sasa nisikilize vizuri, kama nilivyokuambia tangu mwanzo, sijui kwa nini hukunielewa. Bunduki ya kusimamia inachaguliwa kama kiatu, kwanza ikuenee. Fumba macho, inyanyue begani, fumbua. Kama jicho lako liko katikati ya darubini bila kulitafuta, hiyo ni yako. Kama unalitafuta, irudishe dukani hata kama imetengenezwa na malaika. Nguvu usiihangaikie. Wewe mwenyewe umeona kondoo akipigwa begani anaanguka, ulikuwa unanifundisha mimi nini? Kinachohitajika ni triga inayofyatuka ukiifikiria tu, na uzito uliokaa mbele kwenye mkono wa kushoto ili upepo usiichezee, lakini usiwe uzito wa kukumaliza kabla hujafika kwa bata mzinga. Kiwiko cha kushoto kiweke nyongani. Akina Bojórquez tuna nyonga, hiyo ndiyo mali aliyotuachia bibi.

Bunduki ya namna hiyo Don Librado hana, Irasema hana. Iko kwenye blanketi la bluu.

Ichukue. Itataka kushikwa kwa upole, iache ipige teke lake kila mara vilevile, usiibane, inachukia kubanwa. Ila mkono wangu ni mrefu kuliko wako. Ukiitumia hivyo ilivyo utanyoosha shingo kama bata mzinga aliyesikia kisu. Mwambie Baba akate kitako, upana wa vidole vyako viwili. Asiulize mara mbili. Kikishakatwa mimi siwezi kuipiga tena, najua. Usiniandikie kunieleza. Mimi huku nitaipigia nini, mashati?

Nina sharti moja. Irasema asisimame nyuma yako. Mwite mtu mwingine yeyote, mwite padri. Naweza kuvumilia uwe mbele. Kuvumilia yeye awe pale ulipokuwa wewe siwezi, na usiniulize kwa nini kwa sababu nimeshasema mara moja na inatosha.

Kuleni vizuri. Upepo wa Mei unatoka kushoto mpaka saa nne.

Dada yako,
Ofelia

*

Cananea
20 Mei 1992

Dada yangu Ofelia,

Salamu nyingi kutoka kwenye nyumba iliyolala na nguo za uwanjani. Mama amepoteza sauti kwa kushangilia, yeye ambaye miaka yote alikuwa anasema mchezo huu ni wa kupoteza alasiri. Baba mzima, nyonga haikuonekana siku nzima. Mbwa amefukuzwa.

Barua yako ilifika Alhamisi. Nikamsomea Baba mezani. Nilipofika pale pa kukata kitako aliniambia nirudie, nikarudia. Akaenda kabatini, akaifungua, akaiweka juu ya meza pamoja na sahani za chakula, akachukua msumeno wake mdogo, akapima vidole vyangu viwili. Halafu akakaa tu. Nikasema, "Baba, tuache, nitanyoosha shingo." Akasema, "Amesema nisiulize mara mbili." Akakata. Alikata polepole sana, Mama akatoka nje kwenda kuwaangalia kuku ambao walikuwa wameshalala.

Ijumaa na Jumamosi nilipiga mpaka bega likawa jeusi. Dada, ile triga! Miaka sita nimesimama nyuma yake sikujua. Ni kama mtu anayekumalizia sentensi.

Jumapili uwanja ulijaa. Akina Yescas walikuja na mwavuli na viti, tayari kwa kukaa mstari wa nne. Walipotuona Baba na mimi tunaingia na blanketi la bluu, mzee wao alimwambia Baba, "Wenceslao, nilidhani mmeuza hiyo." Baba akamjibu, "Miguu yako imeota mizizi kwenye mstari wetu? Sogea basi."

Irasema nilimwambia sharti lako. Nilimwambia lilivyo, sikulipamba. Alicheka akashika tumbo, akasema, "Huyo bado yuko hivyo? Mwambie nimekaa." Akakaa kweli kwenye kiti, mbali kabisa. Nyuma yangu hakusimama mtu. Mwamuzi alikuja na karatasi yake akaniuliza, "Bojórquez, mtu wako wa darubini yuko wapi?" Nikamwambia, "Yuko Mérida, anaumwa wivu." Mstari mzima ulicheka. Nisamehe, lilinitoka.

Kuku na nguruwe walikwenda vizuri. Kwa bata mzinga niliumia, bila mtu wa kuniambia risasi imepita wapi nilikuwa napiga gizani, nikawakosa karibu wote. Tukafika kwa kondoo. Wa kwanza alianguka. Wa pili nikamtazama, nikasikia kabisa nani angesema nini, nikajisemea mwenyewe kwa sauti, wa pili, wa kwako, mlenge bega. Aligeuka, akatikisika, akabaki amesimama. Waliobaki niliwaangusha wote.

Nimekuwa wa tatu. Wa tatu hapati kondoo wa kuchoma, anapewa soda na makofi. Lakini mstari ni wetu. Mwamuzi ameliandika jina kwa rangi mpya kwenye ubao, na Baba alisimama pale kulisoma kama hajui linavyoandikwa. Tulikula nyama ya washindi na chapati za tortilla za Mama na hakuna aliyetufukuza.

Sasa kilichofungwa kwenye gazeti pamoja na barua hii. Ni kipande cha kitako chako. Baba hakukikata ovyo, alikata palipokuwa na mstari wa asili wa mbao ili kiungike tena bila kuonekana, na ametoboa matundu mawili ya skrubu, utayaona, na skrubu zenyewe amezifunga kwa uzi. Hakusema kwa nini. Alinipa tu akasema, "Mpelekee." Ukija nacho kinarudi mahali pake dakika moja, bunduki inakuwa ndefu tena, inakuwa yako.

Nafasi ya nyuma yangu bado ni tupu. Sijamwita padri.

Mdogo wako,
Nidia

*

Mérida
12 Juni 1992

Mdogo wangu Nidia,

Natumaini mko wazima na Mama amepata sauti, ingawa Baba huenda hakuwa na haraka nayo. Sisi hatujambo. Mvua zimeanza, sasa tunachemshwa kwa mvuke.

Kipande kimefika. Gaspar alikishika akakigeuza akauliza ni nini, nikamwambia ni mimi. Akakirudisha taratibu juu ya meza, akaenda kusahihisha hesabu zake, na baadaye akaja kuuliza nauli ya basi mpaka Cananea ni kiasi gani na Mei shule zina mapumziko ya siku ngapi. Mwalimu ni mtu mzuri, akiachwa afikirie.

Mama mkwe amekiona kimekaa kwenye kabati la vikombe. Hajauliza "bado?" wiki hii.

Irasema akijifungua salama niandikie. Mtoto akiwa wa kike mwambie asimvishe nyekundu.

Kondoo wa pili ulimpiga mguuni. Hukuandika, lakini umeandika "akatikisika," na mimi nakujua, ulivuta triga kabla pumzi haijaisha kwa sababu ulikuwa unajisemea mwenyewe. Mtu hawezi kuwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja. Mei ijayo usijaribu.

Nimeagiza darubini. Skrubu nimezitupa kwenye kisima cha mama mkwe, Baba asinitafutie nyingine. Kipande kitabaki hapa kabatini na bunduki itabaki na urefu wa mkono wako. Wivu sijapona, usidhani. Nitakuja nao kwenye basi, siku tatu, umekaa mapajani kwangu. Lakini nitasimama nyuma yako mstari wa nne, Irasema atake asitake, na nitakuambia kondoo yupi ni wako. Hilo hakuna anayelijua kunishinda.

Dada yako,
Ofelia